Upinzani Usio Uhaini: Utangulizi wa Historia ya Wawhig

Tarehe 7 Desemba 1683, Algernon Sidney alikatwa kichwa Tower Hill, London. Sheria ya uhaini ya wakati ule ilidai mashahidi wawili, na upande wa mashtaka ulikuwa na mmoja tu. Nafasi ya shahidi wa pili ikajazwa na karatasi: muswada ambao Sidney hakuwa ameuchapisha, uliokutwa chumbani kwake, ambamo alieleza kwamba mamlaka ya mfalme hutoka kwa watu na kwamba watu wanaweza kuyachukua tena. Jaji Jeffreys aliamua kwamba kuandika nako ni kutenda. Miezi michache kabla, Lord William Russell alikuwa ameuawa kwa tuhuma zilezile za kushiriki njama ya Rye House, iliyodaiwa kulenga kumuua Mfalme Charles II na mdogo wake.

Mwaka 1826, mbunge wa Whig aitwaye John Cam Hobhouse alisimama katika Baraza la Makabwela akajitaja yeye na wenzake walio nje ya serikali kuwa ni Upinzani wa Mfalme. Alisema kwa mzaha, lakini jina likashika. Mwaka 1937 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kumlipa kiongozi wa upinzani mshahara kutoka hazina ya taifa. Kazi iliyompeleka Sidney kwenye jukwaa la mnyongaji ikawa ajira ya umma. Namna mageuzi hayo yalivyotokea, polepole na kwa damu, ndiyo sababu ninamkaribisha msomaji katika uwanja huu. Anayelisikia Bunge la Kampala likimtambua kiongozi wa upinzani, au anayekumbuka Bunge la Dodoma likimwita kiongozi wa kambi rasmi ya upinzani, anasikia cheo ambacho chimbuko lake ni ugomvi wa Waingereza wa karne ya 17.

Wawhig hawakuanza na katiba ya chama wala mkutano mkuu. Walitokea kati ya 1679 na 1681, wanasiasa wa Uingereza walipogawanyika juu ya swali moja: je, James, Duke wa York, mdogo wa mfalme aliyekuwa amekuwa Mkatoliki, aondolewe katika urithi wa kiti? Waliotaka aondolewe waliongozwa na Anthony Ashley Cooper, Earl wa Shaftesbury. Maadui zao waliwabandika jina la Whig, lililokuwa la Wapresibiteri waasi wa Scotland. Wao wakajibu kwa kuwaita wenzao Tory, jina la majambazi wa Ireland. Wawhig walishindwa. Charles alivunja Bunge, Shaftesbury akakimbilia Uholanzi na kufia Amsterdam Januari 1683. Hata hivyo vurumai hilo liliacha Sheria ya Habeas Corpus ya 1679, inayomlazimu anayemshikilia mtu kumfikisha mbele ya jaji na kueleza kwa nini amemfunga. Mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam bado wanafungua maombi chini ya jina hilo la Kilatini, mara nyingi usiku, mteja akiwa hajulikani yuko kituo gani cha polisi.

Nyumbani kwa Shaftesbury aliishi daktari mmoja, John Locke. Mwaka 1668 alisimamia upasuaji wa jipu kwenye ini la bwana wake, na baada ya hapo akawa mshauri wake wa siasa. Naye alikimbilia Uholanzi mwaka 1683. Kitabu chake cha insha mbili juu ya serikali kilitoka mwaka 1689 bila jina la mwandishi, kikidai kwamba utawala ni amana, na kwamba mtawala anayeivunja amewarudishia watu haki ya kuamua upya. Kwa vizazi vingi wasomi waliamini Locke alikiandika kutetea mapinduzi ya 1688 yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 1960 Peter Laslett alionyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa takriban miaka 10 kabla ya kuchapwa, wakati Shaftesbury alipokuwa bado anapambana na mfalme. Tofauti hiyo ni nzito. Kitabu tulichodhani ni utetezi wa washindi kilikuwa wito wa watu ambao wangeweza kunyongwa kwa ajili yake, kama alivyouawa Sidney kwa muswada wake. Ninawaomba wanafunzi wakisome hivyo, wakikumbuka hatari aliyokuwa nayo mwandishi.

Mapinduzi yenyewe nayapitia haraka, kwa kuwa yanasimuliwa kila mahali. William wa Orange alitua Torbay tarehe 5 Novemba 1688, James, ambaye sasa alikuwa mfalme, akakimbilia Ufaransa, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Haki: mfalme asisimamishe sheria, asitoze kodi wala kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Jambo moja tu nisisitize. Waheshimiwa 7 waliotia saini barua ya kumwalika William hawakuwa Wawhig peke yao. Baadhi yao walikuwa Watory. Wawhig walikuja baadaye kuyafanya mapinduzi hayo mali yao.

Kinachonivutia zaidi ni nusu karne iliyofuata, kwa sababu hapo ndipo tunaona kushindwa katika siasa kukiacha kuwa hukumu ya kifo. Januari 1712 Watory, wakiwa madarakani, walimtupa Mwhig Robert Walpole katika gereza la Tower kwa madai ya rushwa. Mwaka 1714 ufalme ulipopita kwa George I wa Hanover, Wawhig walishika hatamu na kulipiza kisasi kwa viongozi wa Watory: Robert Harley akafungwa humohumo, Bolingbroke akatorokea Ufaransa. Huo ndio ulikuwa mchezo, anayetoka serikalini anafungwa au anakimbia nchi. Walpole akapanda tena, na tangu 1721 akaongoza serikali kwa zaidi ya miaka 20, akihesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza. Februari 1742 alipoteza wingi wa kura bungeni, akajiuzulu. Maadui zake waliunda kamati ya kumchunguza, wakatafuta ushahidi, hawakufika mbali. Akaishia na cheo cha Earl wa Orford na kurudi kwenye picha zake za kuchora huko Norfolk. Kwa maoni yangu mwaka 1742 unastahili kufundishwa pamoja na 1688. Waziri mwenye nguvu kuliko wote aliondolewa kwa kura na akalala kitandani kwake.

Lakini utulivu huo ulikuwa na gharama, na walioilipa hawakuwa na kura. Wawhig wa Walpole walikuwa kundi dogo la wenye ardhi na wafanyabiashara wakubwa. Mwaka 1716 walirefusha muhula wa Bunge kutoka miaka 3 hadi 7. Mwaka 1723 walipitisha sheria iliyoitwa Black Act, iliyoweka adhabu ya kifo kwa makosa mengi mapya: kuwinda paa msituni ukiwa umepaka uso masizi, kukata miti ya mtu, kuvunja ukingo wa bwawa la samaki. E. P. Thompson aliiandikia sheria hiyo kitabu kizima mwaka 1975, na ninakipenda kwa jinsi kinavyomalizika. Thompson alikuwa Mmarksi, na baada ya kurasa nyingi za kuonyesha jinsi matajiri walivyotumia sheria kuwanyonga maskini, alihitimisha kwamba utawala wa sheria wenyewe ni hazina ya wanadamu wote, kwa kuwa hata waliotunga sheria hizo walifungwa mikono nazo mara kwa mara. Wenzake wa mrengo wa kushoto walimshangaa. Mjadala huo unaendelea.

Edmund Burke, Mwairishi aliyeingia bungeni mwaka 1765, ndiye aliyewapa Wawhig nadharia ya chama. Mpaka wakati wake neno chama lilinuka fitina. Mtu mwema alitarajiwa kumtumikia mfalme peke yake. Mwaka 1770 Burke aliandika kwamba watu wenye imani moja kuhusu manufaa ya taifa wana wajibu wa kushikamana na kutafuta madaraka kwa pamoja, maana wabaya wakiungana, wema wakibaki mmojammoja watamalizwa. Aliwatetea wakoloni wa Marekani mwaka 1775, akamshtaki mbele ya Bunge Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal, India, katika kesi iliyoanza 1788 na kumalizika kwa Hastings kuachiwa huru mwaka 1795. Na Mei 1791, ndani ya ukumbi wa Bunge, alivunja urafiki wake wa miaka mingi na Mwhig mwenzake Charles James Fox kwa sababu ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo Fox aliyashangilia naye Burke aliyachukia. Fox alimnong'oneza kwamba urafiki haujaisha. Burke akasema kwa sauti kwamba umeisha. Fox alilia mbele ya wabunge. Chama kiligawanyika, na Wawhig walikaa nje ya madaraka karibu muda wote hadi 1830. Katika kipenyo kifupi walichopata, Juni 1806, Fox akiwa anaugua, aliwasilisha hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Alifariki Septemba, sheria ilipita mwaka uliofuata.

Earl Grey, kiongozi wa Wawhig, aliporudi madarakani Novemba 1830, alikuta Bunge ambalo leo ni vigumu kuliamini. Old Sarum, kilima kilichokuwa na magofu na hakuna mkazi, kilituma wabunge 2. Dunwich, mji ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imeliwa na bahari, nao 2. Manchester, jiji la viwanda vya pamba, halikuwa na hata mmoja. Machi 1831 muswada wa mageuzi ulivuka hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301. Baraza la Malodi liliukataa Oktoba, Bristol ikawaka moto, na Mei 1832 nchi ilikaribia kupasuka kabla ya mfalme kukubali kuteua malodi wapya iwapo wa zamani wangeendelea kukataa. Sheria ilipita Juni. Wafanyakazi waliojaza mitaa kuidai hawakupata kura. Sifa ya mali iliwaacha nje. Grey alikusudia hivyo. Aliamini kwamba ukiwafungulia mlango wenye mali ya kati, unawatenga na wenye njaa.

Mwaka 1833 serikali hiyohiyo ilifuta utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza na kuwalipa wamiliki fidia ya pauni milioni 20. Walioachwa huru hawakulipwa kitu, na wengi walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale kwa miaka kadhaa chini ya jina la uanagenzi. Mwaka 1847, Ireland ikiwa katikati ya njaa ya viazi, serikali ya Whig ya Lord John Russell ilifungua majiko ya supu yaliyolisha watu wapatao milioni 3 kwa siku, yakifanya kazi vizuri, kisha ikayafunga kabla ya mwaka kwisha kwa imani kwamba soko na kodi za Wairishi wenyewe vibebe mzigo. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa ile. Mtu yeyote anayetaka kuwapenda Wawhig, nami nawapenda kwa mengi, lazima aikabili Ireland ya 1847. Walijua jinsi ya kumbana mfalme asimdhulumu raia. Hawakuwa na fikra ya kutosha kuhusu raia anayekufa bila mfalme kumgusa. Juni 1859, katika mkutano wa Willis's Rooms, London, waliungana na wenzao na kuwa Chama cha Liberal.

Ng'ambo ya Atlantiki, jina la Whig lilikuwa limetumiwa na walioasi dhidi ya George III miaka ya 1770. Lilifufuliwa 1834 dhidi ya mtu asiyevaa taji. Rais Andrew Jackson alikuwa amepiga kura ya turufu kuiangusha Benki ya Pili ya Marekani Julai 1832, na mwaka 1833 akaamuru amana za serikali zihamishwe. Waziri wa fedha aliyekataa kutekeleza alifukuzwa. Machi 1834 Seneti ilimkemea rasmi. Wachora vikaragosi walimvika joho na taji, Mfalme Andrew wa Kwanza, na wapinzani wake wakachukua jina la watu wasiotawaliwa kwa amri ya mtu mmoja.

Kiongozi wao alikuwa Henry Clay wa Kentucky, aliyegombea urais mara tatu, 1824, 1832 na 1844, bila kuupata. Mpango wake ulikuwa na nguzo zilizoshikana: benki ya taifa ya kutuliza fedha, ushuru wa forodha wa kulinda viwanda vichanga, na fedha za serikali kujenga barabara na mifereji. Ukisikia leo mabishano ya Afrika Mashariki kuhusu kulinda viwanda vya ndani, utaikuta hoja ya Clay karibu nzima. Pembeni yake alikuwepo Daniel Webster wa Massachusetts, msemaji ambaye watu walisafiri siku nzima kumsikiliza, na Horace Mann, aliyeanza mwaka 1837 kuzijenga shule za umma za jimbo hilo. Na alikuwepo mzee John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekubali kurudi kuwa mbunge wa kawaida. Tangu 1836 Baraza la Wawakilishi liliweka kanuni ya kuzuia maombi yoyote ya kupinga utumwa yasijadiliwe. Adams aliyaleta maombi hayo tena na tena, akizomewa, akitishiwa kukemewa rasmi, hadi kanuni ikafutwa 1844. Alianguka kwenye kiti chake bungeni Februari 1848 na kufariki siku mbili baadaye. Nikiulizwa ni Mwhig gani wa Marekani wa kumpa kijana amsome, jina lake hunijia la kwanza.

Mwaka 1840 Wawhig walishinda kwa kampeni ya aina mpya: maandamano, nyimbo, mapipa ya pombe ya tufaha na vibanda vya magogo, wakimnadi Jenerali William Henry Harrison kama mtu wa kibandani, ingawa alizaliwa katika jumba la shamba kubwa Virginia. Wakati kampeni hiyo inapamba moto, tangu Aprili hadi Agosti, ilitia nanga New York merikebu ya Sultana iliyotumwa na Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, na shehena ya pembe za ndovu, karafuu, tende na kahawa. Wenyeji wa pwani yetu waliiona demokrasia ya Marekani siku zilezile ilipojifunza kupiga kelele. Na mfungamano ulikuwa wa mali pia. Kitambaa cha merikani kilichotawala masoko ya Zanzibar kilifumwa katika viwanda vya New England, na meli za Salem zilikibeba. Ushuru uliovilinda viwanda hivyo ndio Wawhig waliupigania, na wenye viwanda kama Abbott Lawrence na Nathan Appleton walikuwa vigogo wa chama. Pamba ya kitambaa hicho ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani; kwetu kilibadilishwa kwa pembe zilizobebwa vichwani hadi pwani, na wabebaji wengine walikuwa watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoanza 1861 vilipokata pamba, biashara hiyo ya Salem ikadhoofika.

Harrison alifariki mwezi mmoja baada ya kuapishwa, na makamu wake John Tyler akaziangusha sheria za benki za chama chake mwenyewe, hata chama kikamfukuza. Clay alishindwa 1844 kwa kura kama 5,000 za New York, baada ya kuyumba juu ya kuiunganisha Texas na Marekani na kuwapoteza wapinga utumwa. Kisha likaja pigo la 1850. Rais Millard Fillmore, Mwhig, alitia saini sheria ya kuwakamata watumwa waliotorokea kaskazini. Chama kilichozaliwa kupinga udhalimu wa mtu mmoja kikajikuta kinaamuru raia wa Boston wasaidie kumrudisha binadamu kwenye minyororo. Clay na Webster walifariki wote wawili 1852, na mwaka huo mgombea wao Winfield Scott alishinda majimbo 4 tu. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854, iliyofungua maeneo mapya kwa utumwa, ikamaliza kilichobaki. Mwanasheria mmoja wa Illinois aliyekuwa Mwhig kwa miaka 20, na aliyemwona Clay kuwa kielelezo chake cha mwanasiasa, akahamia Chama cha Republican. Abraham Lincoln alipopata urais, benki za kitaifa, reli na ushuru wa Clay vikaja kuwa sheria, pamoja na ukombozi ambao Clay, mmiliki wa watumwa hadi kufa, hakuwahi kuthubutu.

Mgeni katika uwanja huu aonywe mapema kuhusu mtego mmoja. Thomas Macaulay, mbunge wa Whig, alianza mwaka 1848 kuchapisha historia yake ya Uingereza, iliyosimulia kana kwamba karne zote zilikuwa zikisafiri kuelekea katiba ya wakati wake. Mwaka 1931 Herbert Butterfield aliupinga usomaji huo katika kitabu kidogo chenye makali, na tangu hapo wanahistoria wanaitana Whig kwa kulaumiana. Nasi tunahusika. Wanahistoria waliojenga somo hili Dar es Salaam miaka ya 1960 walisimulia upinzani wa mababu kama njia iliyonyooka hadi Uhuru, na mwaka 1981 Arnold Temu na Bonaventure Swai waliwakosoa vikali kwa hilo. Mimi mwenyewe nimeandika hapa juu ya safari ya kutoka jukwaa la mnyongaji hadi mshahara, na msomaji ana haki ya kunibana: je, ni nani walioachwa njiani, na ni wapi njia ingeweza kugeuka?

Pa kuanzia pako wazi kwa kila ladha. Anayependa sheria achukue kesi ya Sidney, anayependa uchumi achukue hotuba za Clay juu ya ushuru. Ushauri wangu ni Machi 1850. Tarehe 7 Webster alisimama katika Seneti kutetea mwafaka wa kaskazini na kusini juu ya utumwa, pamoja na sheria ya kuwarudisha watoro, ili Muungano usivunjike. Tarehe 11, katika ukumbi uleule, Mwhig mwenzake William Seward wa New York alisema kwamba ipo sheria iliyo juu ya katiba. Msomaji azisome hotuba zote mbili kwa mkao mmoja, ya Webster kwanza, kisha ayafungue magazeti ya Boston ya majuma yaliyofuata aone jinsi wapiga kura wa Webster walivyogawanyika juu yake.